Taya Langu na Ubavu wa Mbuzi

Madaktari walipokata taya langu kuondoa uvimbe, watoto wangu walikubali kwamba nitakunywa uji hadi kaburini. Mimi nilikataa. Niliambiwa mfupa wa nyonga unaweza kuchukuliwa uzibe pengo, na ukishashika, meno mapya yakazwe ndani yake kwa skrubu.

"Cucu mzima, bibi mwenye wajukuu, meno ni ya nini?" wifi yangu wa Makongeni alinicheka. "Ama unataka kuolewa tena?"

"Nikiolewa utanishikia maua."

Basi nikapasuliwa. Nilichechemea miezi mingi, mfupa ukashika, meno yakaingia.

Halafu mjukuu wangu akaletewa mahari hapa Ruiru. Mbuzi alipokatwa, wamama waligawiwa mbavu kama kawaida yetu, lakini mimi wifi aliniwekea mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa laini kama chakula cha mtoto mdogo. Nikairudisha sahani mbele ya wakwe.

"Mimi pia nipewe ubavu."

"Mama, utavunja meno!" binti yangu akanong'ona.

"Yamekazwa kwenye mfupa wangu mwenyewe. Leta!"

Niliutafuna polepole, mafuta yakitiririka kwenye kidevu changu kilichopinda. Wageni walinikodolea macho. Nikaomba wa pili.