Katoni ya Baba na AC ya Safari ya Lodwar

AC ya gari la Baba haijaharibika. Amesema hivyo leo mchana fundi wa Bondeni, akiwa ameshika kipande cha katoni.

Wiki nzima Baba ametuambia AC imekufa, kwa hivyo Mama abaki nyumbani Kabazi. Mama ana presha na daktari amemkataza joto. Safari ni ya Lodwar, kwenye joto kali, kumwona mjukuu wake wa kwanza.

Mama hakubishana. Wanaomjua wanajua hiyo ni hatari zaidi.

Leo nikalipeleka gari kwa fundi. Baba akaja kusimamia.

Fundi akafungua boneti, akachomoa katoni iliyoziba mbele ya rejeta, ile inayopoza injini.

"Mzee, nani aliweka hii?"

"Mimi. Kwetu kuna baridi. Injini lazima ipate moto."

"Sasa AC ipumulie wapi? Na huko Lodwar si ungechemsha injini!"

Katoni ikatoka, hewa baridi ikaja. (Nilithibitisha kwa mkono, mara mbili.)

Baba akaninong'oneza, "Usiambie mama yako."

Nilikuwa nimeshampigia simu. Mnaweza kunilaumu.

Tunaondoka Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Kiti cha mbele ni cha Mama. Amejipangia mwenyewe.