Ngoma Iliyopinda Kona ya Mwamba

Mwanangu, kila mvua inaponuka kwa mbali na hapa petu ni vumbi tupu, nakumbuka siku moja nikiwa msichana huko Ikutha, miaka ya sabini ikianza. Sogea nikusimulie jinsi uvivu wangu ulivyozaa matunda.

Uvivu ndivyo walivyouita. Mimi nilikuwa mtu wa kuduwaa. Nikitumwa maji silangani, kwenye bwawa letu la mvua, naweka mawe mawili majini, narusha kokoto, natazama mawimbi yakipita katikati. Mawe yakiachana sana, wimbi lilipita moja kwa moja, na nyuma ya kila jiwe maji yalitulia. Nikiyasogeza karibu, wimbi lilelile likishatoka kwenye ule mlango mdogo lilifunguka kama upepeo, likazunguka mpaka nyuma ya mawe. Debe langu bado tupu. Mama alinichapa, na haki yake.

Kanisani pia. Nikichelewa nasimama nje, kando ya mlango, nyuma ya ukuta. Sauti nzito za wazee zilinifikia huko kwenye kona. Kayamba sikuzisikia vizuri mpaka nisimame mbele ya mlango wenyewe. Kuuliza si ujinga, nikamwuliza Susu Kalunde, nyanya yangu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kasichana, sauti nene hupinda kona. Nyembamba huenda mbele tu kama mshale. Wewe endelea kuangalia. Lakini maji ulete."

Susu alijua, kwa maana ujanani alipiga kilumi, ile ngoma ya akina mama ya kuomba mvua. Tangu watu waokoke, ngoma yake ililala ghalani chini ya magunia ya ndengu. Hakuiuza wala hakuichoma. Akiba haiozi.

Sasa siku yenyewe. Sisi wa mwethya, kikundi cha kusaidiana, tulikuwa tunachimba mitaro shambani kwa Susu, juu ya kilima. Chini yetu mto wa mchanga ulikuwa mkavu, ukipita kwenye mwanya wa ukuta wa mwamba, upana wa punda wawili. Ng'ambo ya mwanya, pembeni, mama yangu na wenzake walikuwa wanachota maji kwenye visima vya mchangani. Mwamba uliwaficha. Tulichoona mwanyani ni punda mmoja tu, amesinzia.

Mzee Mutua, kiongozi wetu, akatazama upande mto unakotoka, akaacha jembe likaanguka. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha kwa watu wengine, na maji mekundu yalikuwa yanakuja yamebeba miti mizima. Mama zetu hawangeyaona mpaka yawafike.

Vijana walishuka mbio, lakini njia ilikuwa ndefu. Mutua akapuliza firimbi ya mwethya mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Yule punda akainua masikio. Hakuna mtu aliyetokea.

"Baba Mutua," nikamwambia, "firimbi inampata punda kwa sababu yuko mbele ya mwanya. Walio pembeni haiwafikii. Tupige kitu kizito."

"Kaa kando, mama wa ndoto."

"Kasichana," Susu akaita, tayari yuko mlangoni pa ghala, "njoo uondoe haya magunia."

Tuliibeba ngoma mpaka ukingo wa shamba. Mutua, mzee wa kanisa, akaitazama, kisha akautazama mto. Akapiga magoti, akaishika isiyumbe. "Piga, Susu. Mungu anaelewa."

Susu akapiga. Du. Du. Du. Kifua changu kilitetemeka.

Kitambaa cheupe cha kichwa kikatokea juu ya mwamba. Mama yangu huyo, anapanda mbio kwa hasira, wenzake wote nyuma yake, na punda nyuma ya wenzake.

"Ni nani huyo anapiga kilumi mchana," akafoka, "na sisi ni watu wa kuokoka?"

Kabla hajajibiwa maji yakapita mwanyani, yakafunguka kama upepeo, yakafagia visima na madebe mpaka kwenye kona walikokuwa. Walikuja kutugombeza, mwanangu, na wakapona wote. Mama alikaa chini, akanivuta akanipakata, na ukubwa wangu wote. Jioni hiyo kilumi kilichezwa, na Mutua alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani. Hakujua kucheza hata kidogo.

Basi shika hili. Mtoto anayetazama maji usimwite mvivu kabla hujamwuliza ameona nini. Na ukimtafuta mtu aliyefichwa na mwamba wa maisha, usimpulizie maneno membamba ya ukali, hayo humpita. Sema naye kwa uzito na upole, hata kwa mlango mdogo maneno yako yatazunguka yamfikie.

Sauti yako na ipate mwanya, mwanangu, na ikishapita iwafikie walio pembeni. Mungu akunyeshee, na mvua ya wengine isikukute mtoni.