Shingo ya Mpapai

Leonsia Kahigwa alitoka Bukoba akimfuata mumewe aliyepata kazi ya kiwanda Nyakato. Mume alipofariki, akabaki na ua mdogo na kazi ya kuotesha miche. Mipapai yake ilisifika. Aliiotesha kwenye vikopo alivyoshona mwenyewe kwa magome makavu ya mgomba, maana mpapai ukiguswa mizizi hununa, pengine hufa. Ukinunua unapanda na kikopo chake, kinaozea huko huko ardhini. Siku zile nilikuwa namsukia viti, ndiyo maana niliyaona haya.

Mayala, wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Misungwi, alichukua miche arobaini ya shamba la kijiji. Leonsia akamwambia kama alivyowaambia wote: panda na nguo yake, ila usifukie shingo.

Wiki ya pili huyo amerudi. Akaamkia vizuri, kisha akasema miche yote inanyauka na Jumamosi mkutano wa kijiji utamtaka maelezo. Wenzake wanasema yule mama anauza miche mifu, hatakwenda mtu kwake tena. Leonsia hakubisha. Alijifunga kanga akasema twende, nami nikapanda basi nao, kwa kuwa njia zote kwangu ni moja.

Shambani tulikuta midomo ya vikopo imejitokeza vidole viwili juu ya udongo, mikavu kama karatasi. Leonsia akapiga magoti.

"Mayala, baba, nilisema shingo gani?"

"Ya kikopo, mama. Nimeiacha nje kama ulivyoagiza."

"Nilisema ya mche, pale shina linapokutana na mizizi."

Akatueleza kwamba gome likichungulia nje, jua hulikausha, nalo huvuta maji ya chini kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Mizizi inabaki na kiu. Basi tukaichana ile midomo mmoja mmoja, tukasawazisha udongo, tukamwagilia mpaka jioni.

Hadi Jumamosi miche thelathini na mmoja ilikuwa imesimama. Mkutanoni Mayala alisema kosa ni la sikio lake. Leonsia akasema, na la mdomo wangu pia. Mwenyekiti, mzee Ngosha, akacheka.

"Mhaya akitaja shingo, tumuulize kwanza ya nani."

Kijiji kikaagiza miche mingine sitini.

Tangu hapo kila mteja alichaniwa mdomo wa kikopo kimoja mbele ya macho yake aone. Neno shingo Leonsia aliliacha. Likabaki la kuku tu.