Mheshimiwa na Mashine ya Kuinulia Wagonjwa

Niliwahi kuwa mbunge wa jimbo hapa Minnesota kwa kipindi kimoja cha miaka miwili, na hadi leo kanisani kwetu New Hope wananiita Mheshimiwa.

Kabla ya hapo nilikuwa nesi katika nyumba ya wazee. Tulikuwa na ghorofa tatu na mashine moja tu ya kuinulia wagonjwa, kwa hiyo tuliwainua kwa mikono. Siku mwenzangu mmoja alipoumia mgongo akimtoa mzee kitandani, nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu nitagombea ubunge.

"Kwa sababu ya mashine?" akauliza.

Nilipiga hodi nyumba hadi nyumba. Bibi mmoja alinifungulia, akaiona kadi iliyoning'inia kifuani pangu, akaniongoza moja kwa moja hadi chumba cha chini. Alikuwa amemwita fundi wa hita. Nikaitazama hita kwa heshima zote, nikaona swichi imezimwa, nikaiwasha, kisha nikamwomba kura. Nadhani hiyo ndiyo huduma pekee niliyowahi kuikamilisha kwa mpiga kura.

Niliposhinda, mchungaji alinihamisha kutoka kiti changu cha nyuma akaniketisha mbele. Baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alinisindikiza hadi nje, akawa anaangaza macho huku na huku.

"Mheshimiwa, dereva ameenda wapi?"

"Sina dereva, mzee."

"Na walinzi?"

"Sina."

Akalitazama gari langu lililobonyea mlango. Akanishika bega kwa huruma. "Kumbe ni kazi ya kujitolea."

Kule Saint Paul, kwenye bunge la jimbo, niliwasilisha mswada wangu: kila nyumba ya wazee lazima iwe na mashine ya kuinulia wagonjwa katika kila ghorofa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mwungwana sana, na kila alichotaka kukiua alikisifu kwanza. Alisema hotuba yangu imemgusa moyo, kisha akapendekeza neno "lazima" liwe "inashauriwa." Wiki iliyofuata, mashine zenyewe ziligeuzwa kuwa ripoti kuhusu mashine. Kisha ikaonekana hakuna mtu wa kuandika ripoti hiyo, nayo ikaondolewa. Kilichobaki ni siku moja kwa mwaka ya kuwashukuru wahudumu wa wazee.

Mswada ulipita bila hata mmoja kuupinga. Mimi pia nilipiga kura ya ndiyo, nikapigwa picha nikitabasamu.

Niliweka nakala kwenye fremu nikawapelekea wenzangu kazini. Yule aliyeumia mgongo, ambaye sasa alikuwa amekalishwa mapokezi, aliisoma taratibu, kisha akaigeuza kutazama nyuma.

"Mheshimiwa, mashine iko ukurasa gani?"

"Kwa sasa tunajenga msingi," nikamwambia.

Nikayasikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu, nikaona aibu. Yeye aliiweka fremu chini ya meza, karibu na pipa la taka.

Uchaguzi uliofuata nilishindwa na muuza magodoro aliyeahidi kulala kidogo na kufanya kazi sana. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimerudi kazini. Supavaiza alinisalimia kwa adabu: "Karibu tena, Mheshimiwa. Chumba cha nane kinakungoja, shuka zimelowa."

Mwezi huohuo wenzangu waliamua kwenda pamoja kwa meneja, wote wa zamu ya asubuhi, kumwambia kwamba hawatainua tena mtu yeyote kwa mikono. Nikajitolea kuwa msemaji.

"Wewe njoo," yule wa mapokezi akasema, "lakini usihutubie."

Nilisimama nyuma kabisa. Alizungumza yeye, dakika chache tu, huku ameshika kiuno. Meneja aliwatazama wote waliojaa mlangoni, akaomba apewe muda. Walimpa hadi Ijumaa.

Mashine mbili alizoagiza zilifika kabla ya Pasaka. Wa kwanza kuinuliwa alikuwa mzee mmoja kutoka Anoka, seremala mstaafu. Akiwa amening'inia juu ya kitanda, miguu ikibembea, aliniuliza kama haya ndiyo mambo ambayo serikali imetuletea.

Wenzangu walinitazama. Nikabonyeza kitufe cha kushusha, nikamuuliza kama mkanda unambana.