Tulivyokataa utabiri wa jua kwa sababu ulisomwa kwa Kiarabu

Wakuu, habari za joto. Naandika nikiwa Hai Mauna, hapa Juba. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, kwa hiyo mnijibu kwa adabu. Hii siyo chai, yalinipata mwenyewe.

Nimeona uzi wa jana wa forecast, kwamba tambarare zote za huku ni jua kali na ukavu mpaka Mei iishe, na vijana mnabishana app ya nani inasema kweli. Mimi forecast ilinivunjia nyumba, na ilikuwa ya kweli kabisa.

Miaka ya sabini, baada ya amani na Waarabu wa kaskazini, tulirudi kutoka ukimbizini Uganda. Mume wangu Wani, mimi na mtoto mchanga. Tulifikia mtaa wa Kator kwa mama mkwe, ambaye vita vyote alikaa hapahapa.

Tulikuja na mahindi kidogo ya kupanda. Mama mkwe alikuwa na mtama wa mbegu kwenye chungu, alioutunza msimu hadi msimu hata risasi zikilia. Hiyo ndiyo mbegu yote ya nyumbani. Ikipotea, tunalala njaa mwaka mzima.

Sasa sisi wa Uganda tulikuwa na tabia moja. Jioni wanaume wanaizunguka redio ya betri, wanatafuta Kampala, kwa sababu Kiswahili tunakielewa. Redio ya hapa ilisoma kwa Kiarabu, na hata aliyekijua kidogo alijifanya hasikii. Kilikuwa lugha ya askari waliotuchomea vijiji. Tuliona ndiyo kujiheshimu.

Mwezi wa tatu mvua ikagusa. Kampala wakasema masika yameanza, wakulima wapande. Walisema ya kwao jamani, Juba hawakuitaja hata.

Mama mkwe akaja mbio kutoka kwa rafiki yake wa mtaa wa Juba Na Bari. Redio ya hapa imesema hii ni mvua ya kupita, tambarare zitakuwa kavu mpaka mwisho wa Mei, watu wangoje.

Wani akamwambia, "Mama, hao ndio walitufukuza. Leo watupangie siku ya kupanda?"

"Jua hawakulitengeneza wao, mwanangu. Ngoja kidogo."

Hakungoja. Alipanda yote, hadi mtama wa mama, wenzake wa Uganda wakimsifu. Mimi sikuulizwa. Mke wa miaka ile aliulizwa nini?

Shamba likaota vizuri, kijani kinapendeza. Halafu mvua ikakata. Aprili yote hakuna tone, udongo mweusi ukapasuka mpaka mguu unaingia. Mahindi yalikauka yakiwa marefu kama kiganja.

Tulikula majani ya mti wa lalob, tukiyachemsha na kumwaga maji ili uchungu upungue. Mama mkwe alituachia sufuria akisema ameshiba kwa rafiki yake. Uongo mtupu.

Na hakumsema mwanawe hata kidogo. Afadhali angemtukana. Wani alishindwa kumtazama usoni.

Majirani waliongoja walikuwa na mbegu zao ndani. Wani akakataa kuomba. Kwake, hao walikuwa wamekaa na Waarabu wakati sisi tunateseka kambini. Akasema anarudi Uganda kutafuta mbegu kwa rafiki zake. Uganda ya wakati ule, wakuu, ambapo watu walikuwa wanapotea barabarani. Mama mkwe alimshika shati. Akalivuta, akaenda.

Mvua ikashuka hajarudi. Yule rafiki wa Juba Na Bari akaja mwenyewe, hajaitwa, na mtama kwenye kitambaa. Tukapanda, tukavuna. Tulikuwa tumezungukwa na mbegu muda wote ule. Inaniuma mpaka leo.

Wani hakurudi. Kila mavuno mama mkwe alimtengea mbegu zake. Wadudu wakizila, anatenga nyingine, mpaka tulipomzika.

Nilichojifunza ni kwamba mtu unaweza kumchukia, una haki yako, lakini akikuambia jua linakuja, tazama juu kwanza.

Haya, semeni na nyie, hasa mliorudi kutoka uhamishoni. Ila asije mtu hapa kuniambia mume wangu alikuwa mjinga. Alichomewa nyumba baba yake akiwa ndani, na hiyo hakuna redio iliyoisoma.