Neno Moja la Kijerumani

Ninafanya kazi ya mapokezi katika kituo cha kujifunza Kijerumani hapa Bukavu. Nimekisoma miezi sita tu, lakini nilijiona mwalimu.

Wiki jana alikuja maman Nsimire kutoka Nyangezi, na barua mkononi. "Unisomee, papa. Inatoka ku hopitali ya Ujerumani, kwenye bwana yangu iko anangojea operesheni."

Mwalimu alikuwa darasani. Ningeweza kumwambia maman angoje. Badala yake niliishika barua, na karibu na jina la mumewe nikaona neno la "kuahirishwa", lile tunalobandika mlangoni somo linaposogezwa mbele.

"Usiogope, maman. Operesheni wameisogeza mbele."

Alimshukuru Mungu, akawapigia watoto simu, akawaambia baba yao iko muzima.

Mwalimu alipotoka nilimpa barua, nikamwambia nilivyoisoma, nikingoja sifa. Aliisoma mara mbili, kisha akaninong'oneza: "Kwa Kijerumani maneno haya mawili yanafanana. Hili si kuahirishwa. Ni kufariki."

Maman alikuwa ameshakata simu, anatutazama.

"Mwalimu anasema nini, papa?" akaniuliza mimi.