Mume Wangu Alitaka Kukopa

Mimi ndiye niliyekataa mkopo, si yeye. Yeye hata fomu za benki alikuwa ameshazileta.

Tulikuwa na kiwanja Kyebando, pembezoni mwa mji, lakini tuliishi kambini, kwa kuwa mume wangu alikuwa askari polisi: sisi wawili na watoto watatu ndani ya kibanda cha bati kinachochemka kutwa. Yeye alitaka benki imkopeshe, imkate kwenye mshahara, tujenge mara moja. Mimi nilitaka chama cha akiba ya nyumba: unaweka kila mwezi kwa miaka mitano, ukitimiza wanakukopesha kwa riba ndogo. Pale kambini nilishaona askari wanaopokea mshahara ulioliwa na benki, wake zao wanakuja kuniomba chumvi. Mimi niombe mtu chumvi? Thubutu!

"Mama watoto," aliniambia akicheka, "nataka kulala kwangu nikiwa bado na meno."

"Utalala hata ukiwa kibogoyo. Riba ya benki ni wizi mtupu!"

Nikampigia hesabu nyuma ya kalenda. Akaitazama, akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa, akasema, "Haya, afande." Kesho yake tukajiandikisha chamani.

Mwaka wa nne figo zake zikafeli. Hata wodini aliniuliza imebaki miezi mingapi. Nikamwambia michache, vumilia. Jamani, mtu anakufa, nami namwambia avumilie!

Kwao kaskazini, mwanamume akifia mjini hulazwa kwanza nyumbani kwake hapo mjini, ndipo asafirishwe kuzikwa. Kaka yake alipofika akaniuliza kwa upole, "Shemeji, kwake ni wapi?" Nikampeleka Kyebando. Majani yalikuwa yanafika kiunoni. Wakafyeka, wakasimamisha hema la kukodi, jeneza wakaliweka juu ya meza mbili. Mvua ikanyesha. Sikuweza kumtazama shemeji usoni.

Baada ya mazishi kambi ikanitaka nihame. Chama kikanirudishia akiba, basi. Mkataba ulikuwa kwa jina lake, nao ukaisha alipokufa. Nikaenda benki kuuliza kama mjane anaweza kukopa. Binti wa dirishani akanieleza kwamba mikopo ya watumishi ina bima: askari akifa, deni linafutwa, nyumba inabaki kwa mke na watoto. Nikamwomba arudie. Akarudia, taratibu, akidhani sikuelewa lugha.

Sasa nimepanga chumba Bwaise, bondeni. Maji ya mvua yakijaa tunapandisha godoro mezani, watoto wanakaa juu yake. Nimevunjika moyo, sina neno jingine.

Juzi shemeji alinipigia simu kutujulia hali. Akasema kaka yake alikuwa mtu mwema, ila mambo ya kujenga hakuyajali, na ndiyo maana tunateseka. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli. Nikaitikia, "Ndiyo, shemeji."